Kipimo cha Gobore la Babu Yako

Salha wangu,

Umeshuka kwa Mama Furaha kusukwa, na kwa ninavyomjua hatakuachia mpaka jioni, maana mdomo wake huenda mbele ya vidole. Kwa hiyo nina nafasi. Uwanjani kuna mechi, kelele zinapanda na kushuka, nami nimefunga madirisha na kuzungusha ufunguo mara mbili kama kawaida yangu. Kesho alfajiri pikapu ya mwajiri wako, huyo mnayemwita Oom Faan, yaani mjomba Faan, itasimama pale kwenye roboti, kwenye taa za barabarani, kwa sababu nilikataa asije mpaka getini, na wewe utapanda uende kwenye misitu ya milima ya Limpopo, ukae mwaka mzima na watu ambao mpaka leo ninapoandika siwaamini sawasawa.

Sitaandika habari za soksi, wala dawa ya kikohozi, wala kupiga simu ukifika. Hayo tumeshayagombania wiki nzima. Naandika mengine, na naandika kwa Kiswahili kwa makusudi. Najua utasoma polepole. Wewe umezaliwa hapa Bertrams, ukisemeshwa Kiswahili unajibu kwa Kiingereza, na ukikasirika unajibu kwa Kizulu ili nisielewe. Ukikwama kwenye neno, nipigie uniulize. Sitakuambia kwamba nimefurahi umekwama.

Nianze na ile harufu, kwa sababu hatujawahi kuizungumza vizuri.

Ulikuwa darasa la kumi na moja. Mwalimu wenu wa historia aliwapeleka mahali fulani nje ya mji, ukarudi umechoka na uso wako unang'aa. Baada ya hapo ukawa unaomba ruhusa Jumamosi moja, kisha nyingine. Siku moja nikaufungua mkoba wako. Nilisema ninautafuta ili niufue, lakini mkoba ule haukuwa mchafu, na wewe ulijua, nami nilijua kwamba unajua. Ndani nikakuta vitambaa vidogo vya mviringo, vyeusi tititi, vikinuka mayai yaliyooza.

Niliitambua harufu ile kabla sijaipa jina. Hata hivyo nikajilazimisha kufikiria dawa za kulevya, kwa kuwa hapa Johannesburg kila mzazi ana hofu hiyo, na hofu ya watu wote ni nyepesi kuibeba kuliko hofu yako peke yako. Nikavifunga vitambaa kwenye mfuko wa plastiki, nikavipeleka saluni.

Mama Furaha alivinusa huku ameshika kichwa cha mteja kwa mkono wa pili.

"Mama Salha, iyi haiko bangi," akasema kwa Kiswahili chake cha Kongo. "Bangi minaijua."

"Unaijulia wapi?"

"Ule mulinzi wa hapa chini anavutaka kila siku, moshi yote inaingia kwangu. Iyi ni kintu ingine. Iko sawa mayai ya kuoza. Umuulize mutoto."

"Nitamuulizaje?"

"Na kinywa, mama. Na kinywa."

Wanawake wote saluni wakacheka, na mimi nikacheka nao ili hofu yangu isionekane. Uliporudi nikakuuliza umekuwa ukivuta nini. Ukanitazama kwa huruma ambayo mtoto hapaswi kumtazama nayo mzazi wake, ukasema kwamba ni vitambaa vya kusafishia mtutu wa bunduki.

Salha, nilikaa chini. Kwa muda mfupi, Mungu anisamehe, ningependelea iwe bangi.

Hukujua kwa nini. Ulidhani ninaogopa bunduki kama kila mtu wa mji huu anavyoziogopa, zile za wezi na za walinzi. Sikukueleza kwamba bunduki unayoipenda wewe, ile ya kujazwa baruti nyeusi kwa mdomo, mimi nimekua nayo. Kwetu tunaiita gobore. Babu yako alikuwa nalo.

Kijiji chetu kiko juu ya Lushoto, mahali ambapo ukungu unaingia ndani ya nyumba bila kubisha. Mashamba yameshika mteremko, na juu ya mashamba unaanza msitu. Mahindi yakikaribia kukomaa, nguruwe mwitu walishuka. Sisi ni Waislamu, hatuli nguruwe, lakini nguruwe wenyewe hawakujali dini yetu. Kundi moja likipita, shamba linabaki kama limelimwa upya. Kwa hiyo baba alilala shambani na gobore lake, na wakati mwingine alipanda msituni kufuata nyayo zao. Mara kadhaa alinichukua. Nilikuwa binti pekee, na nilijua kukaa kimya.

Nakumbuka mikono yake kuliko uso wake. Alimimina baruti kutoka kwenye pembe ya ng'ombe, lakini kamwe hakuimimina moja kwa moja mtutuni. Aliimimina kwanza kwenye kimrija cha mfupa wa mguu wa paa, akakijaza mpaka ukingoni, akapangusa kwa kidole gumba, ndipo akaiingiza. Kimrija kile ndicho kipimo chake. Unakijua. Ni kile ulichokuwa ukikipuliza kama filimbi ulipokuwa mdogo, mpaka nikakificha kwenye kopo la hereni. Ulidhani ni kitu cha kuchezea kutoka Tanga. Nilikuacha udhani.

Na nakumbuka alivyonifundisha kuhusu gobore linalonyamaza. Fataki imegongwa, mlio hakuna. Mtu mjinga hulishusha, hulitazama mdomoni, huliuliza lina nini. Baba alisema hapo ndipo linapokuwa hatari kuliko wakati wowote, kwa sababu moto unaweza kuwa bado unatambaa ndani. Uliache lilikoelekea. Usisogee, usimwache mtu asogee. Vuta pumzi, ngoja, halafu ngoja tena.

Somo hilo nililichukua nikaondoka nalo. Nilikuja mji huu na baba yako nikiwa na umri kama wako wa sasa, nawe tumboni, na nikaanza kumngojea kila mtu namna ile. Mwenye nyumba akicheka na mimi, nilijiuliza kuna nini nyuma ya kicheko. Jirani akileta chakula, nilimshukuru, nikakiangalia kikipoa. Baba yako akichelewa nilimuuliza, akieleza nilimuuliza maelezo yametoka wapi. Siku alipohamia Durban aliniambia, "Mwanaidi, nimechoka kutoa ushahidi." Nikamwona mkosaji anayekimbia. Labda alikuwa. Mpaka leo sijui, na hali hiyo ya kutojua niliitengeneza kwa mikono yangu, kwa sababu mtu unayemhoji kila siku mwishowe hukupa majibu tu, hakupi tena habari zake.

Hata kazi yangu imelishwa na tabia hiyo. Unajua ninachofanya kule Randburg: wateja wa bima wakipata janga wanapiga simu, mimi nasikiliza, naandika, na kazi yangu ni kusikia pale ambapo hadithi haikai sawa. Wakubwa wananisifu. Kuna mwaka alipiga simu mtu ambaye nyumba yake iliungua, na katikati ya maelezo akacheka. Alikuwa anaeleza jinsi alivyotoka na rimoti ya televisheni mkononi badala ya viatu. Nikaandika kwamba mteja anacheka, faili lichunguzwe. Likachunguzwa muda mrefu. Ikaonekana kila neno lilikuwa kweli, na muda wote huo alikuwa akilala kwenye gari na watoto wake. Hakuna aliyenilaumu. Nilikuwa nimefuata utaratibu. Lakini kila nikisikia mtu anacheka kwenye simu, bado nahisi baridi mgongoni, na sijui kama ni kwa ajili yake au kwa ajili yangu.

Sasa ufikirie mtu wa namna hiyo anaambiwa na binti yake kwamba amepata kazi ya kutembea msituni na wazungu wenye ndevu.

Nilikusikiliza ulivyonieleza. Wageni wanakuja, wanavua saa, wanaacha simu kwenye sanduku, wanavaa viatu vya ngozi na mablanketi, wanatembea siku kadhaa milimani kama wawindaji wa zamani, wanalala chini ya turubai, wanapika kwa kuni, wanapiga shabaha kwa bunduki za gumegume, zile zinazowashwa kwa cheche za jiwe. Nikajiuliza ni watu gani hao. Watu wa Sandton, ambao viti vya magari yao vinapata joto vyenyewe, wanalala kwenye mawe kwa hiari yao? Kwetu tulilala shambani kwa sababu ya nguruwe. Na swali la pili, ambalo sikukuuliza kwa sababu niliogopa jibu: katika safari hizo za zamani, mtu wa rangi yako alikuwa nani? Mimi nimesoma historia, Salha. Najua nani alitembea mbele na bunduki na nani alitembea nyuma na sufuria.

Halafu nikaiona ile picha kwenye simu yako. Wanaume watatu mbele, wameegemea bunduki. Wewe nyuma, na sufuria.

Ndiyo maana niliwaalika chai. Ulidhani nimelainika. Nilitaka kuwaona wakiwa wamekaa, kwa sababu mtu aliyekaa ni vigumu kuondoka katikati ya swali. Oom Faan akaja amechana ndevu, na mkewe Tannie Bets na keki yake, na Mama Furaha akapanda bila kualikwa akisema amekuja kuazima sukari. Sukari hakuiazima. Alikaa.

Nikamuuliza Faan leseni zake, akazitoa. Nikamuuliza nani analala wapi, Bets akajibu yeye, akanichorea hema kwa hema juu ya kitambaa cha meza kwa kidole: wewe pamoja naye, wanaume ng'ambo ya moto. Nikauliza hospitali iko umbali gani. Nikauliza kama wamewahi kupata ajali.

"Ndiyo," Faan akasema. "Mgeni mmoja alivunjika kifundo cha mguu akipiga picha ya maua."

"Sikuulizi maua. Nakuuliza baruti."

"Baruti bado, Mama. Na kila asubuhi naogopa kwamba ni leo."

Lilikuwa jibu zuri, kwa hiyo nikalishuku. Ndipo nikatoa swali langu. "Katika historia yenu hiyo, binti yangu ni nani?"

Wewe ukaita, "Mama, eish!" na kujifunika uso. Faan akakuna ndevu akamtazama mkewe.

"Kila mtu anabeba mzigo wake," akasema. "Sufuria kubwa nabeba mimi."

"Na anailalamikia mpaka kileleni," Bets akaongeza. "Siku ya ile picha ilikuwa zamu ya Salha kupika. Kesho yake tukala uji wa Faan. Kila aliyeula anaukumbuka."

Mama Furaha akacheka mpaka chai ikamtoka puani. Mimi sikucheka. Walipoondoka nikamwambia kwamba watu wanaojibu haraka hivyo wamejiandaa.

"Weye unaogopaka kila kintu," akaniambia. "Hata mvula ikinyesha, unauliza ile mvula inatoka wapi. Kama bangejibu polepole, ungesema banatafuta uongo."

Nilimwambia achukue sukari yake aende zake.

Kwa hiyo nilikuja kule uwanja wa shabaha. Nilikuambia nataka kukuona ukipiga. Kweli yenyewe ni kwamba nilikuja kumkamata Faan. Nilijua hasa ninachokitafuta. Nilikaa kwenye kiti nyuma ya kamba na mwavuli wangu, nikawa natazama mikono tu. Nilitaka kuona kama kuna mtu atamimina baruti moja kwa moja kutoka kwenye pembe. Hakuna aliyemimina. Nilitaka kuona mtu akiacha ufito wa kushindilia ndani ya mtutu. Hakuna. Mzee mmoja mwenye kofia alipiga, moshi mweupe ukatufunika, na harufu ile ikanifikia, na kwa muda mfupi nikawa juu ya Lushoto, na mtu wa pembeni yangu akaniuliza kama ninalia. Nikamwambia ni moshi.

Kisha zamu yako. Ulimimina kwenye kipimo, ukapangusa kwa kidole gumba. Nani alikuonyesha kupangusa vile? Ukaweka kitambaa, risasi, ukashindilia. Ukainua. Jiwe likagonga, cheche zikawaka kwenye kisahani, moshi mdogo ukapanda karibu na shavu lako. Na mtutu ukanyamaza.

Mimi ndiye mtu pekee miongoni mwa watazamaji wale niliyefundishwa tangu utotoni la kufanya. Kusimama na kungoja. Maisha yangu yote sijafanya kingine. Na siku hiyo moja niliruka kamba nikakimbia kuja kwako.

Hukugeuka. Hukushusha bunduki. Ulisikia viatu vyangu kwenye changarawe, ukapiga kelele: "Mama, simama! Usije! Simama hapo hapo!"

Kwa Kiswahili. Nilikusikia kama vile baba ndiye aliyesema, nikasimama. Bunduki ikalia. Risasi ikaingia kwenye ukuta wa udongo mbele yako, na mimi nilikuwa nimesimama na mwavuli mkononi, nikiielekea njia yake kutoka pembeni. Sitaki kuandika ningekuwa wapi kama ungeniita kwa sauti ya kawaida.

Faan alisimamisha uwanja mzima. Alikuja kwangu, uso wake mweupe kama karatasi, akasema, "Mama, hutavuka tena kamba ile. Si wewe, si rais wa nchi." Nilikuwa nimeshaanza kujiuliza kama angeyasema hayo kwa mzungu, na jibu nikalipata baada ya chakula, pale mwanamume mnene mwenye simu alipoinama chini ya kamba ili apige picha. Maneno aliyoambiwa yule yalikuwa makali kuliko yangu, na mengine yalikuwa ya Kiafrikaans.

Tukiwa njiani kurudi nilikuuliza nani alikufundisha kungoja.

"Oom Faan," ukasema. Halafu ukaongeza, "Na wewe."

"Mimi lini? Sijawahi kukwambia neno."

Ukajibu kwa Kiingereza chako, na mimi nakiandika hapa kwa lugha yetu ili kikae: "Mtu akibisha hodi, Mama, unasimama nyuma ya mlango. Hufungui, huendi, huulizi. Unavuta pumzi. Na mimi nasimama nyuma yako. Tangu nikiwa mdogo. Nilipoona bunduki imenyamaza, nilifanya tu kama ni mlango."

Nilitazama nje ya dirisha mpaka tukafika. Sikujua nione aibu au nijivune. Nadhani niliona yote mawili, na aibu ilikuwa kubwa kidogo. Mtoto hukaa nyuma ya mlango na mama yake akidhani wanacheza, na huku anajifunza woga. Kwamba siku moja woga huo ulituokoa mimi na wewe hakunipi ruhusa ya kuusifu.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo sijakwambia, na ndilo lililonikalisha mezani.

Una mjomba, ndugu yangu Hemedi. Umemwona kwenye picha, daima amesimama upande, na mkono mmoja mfukoni. Watu hudhani ni maringo. Mkono ule una vidole vitatu, na jicho la upande ule halioni.

Hemedi alikuwa mpigaji mzuri kuliko baba. Alilijua gobore la baba kama mtu anavyoujua mlango wa kwao gizani. Mwaka mmoja nguruwe walikuwa wengi, baba alikuwa mgonjwa, na gobore lake lilikuwa kwa fundi. Jirani akamwazima Hemedi la kwake. Lilikuwa jepesi zaidi, zuri, lina nakshi kitakoni. Hemedi akapanda nalo msituni, na akachukua kipimo cha baba, kile kimrija cha mfupa, kwa sababu hakijawahi kumwangusha hata siku moja. Akakijaza mpaka ukingoni. Akapangusa kwa kidole gumba. Alifanya kila kitu sawasawa, Salha. Alifanya kila kitu alichofundishwa.

Mtutu wa jirani ulikuwa mwembamba. Ulipasuka.

Baba alipopata nafuu alikwenda kumwona kitandani. Hakumkemea. Alikaa pembeni yake, mimi nikiwa mlangoni na bakuli la uji, akasema kwa sauti ndogo kama anajisemea mwenyewe: "Nilikufundisha kujaza. Sikukwambia kwamba kipimo ni cha gobore moja." Kila gobore lina unene wake wa mtutu, lina kimo chake, lina uchovu wake. Mwenye nalo hulijaribu kidogo kidogo, baruti chache, kisha zaidi kidogo, anasikiliza linavyopiga bega, mpaka analijua. Ndipo anakata mfupa. Akipata gobore jingine, anaanza upya.

Nilikuwepo mlangoni. Nililisikia somo hilo kwa masikio yangu. Nikaondoka na lile la kwanza, la kungoja, na hili la pili nikaliacha kule Lushoto pamoja na uji.

Kwa maana tazama nilichokifanya. Kipimo changu cha kuwashuku watu kilikatwa mpakani, na kijana aliyetuahidi gari kisha akatoweka na mizigo yetu. Kikakatwa tena na mwenye nyumba wa kwanza, na tena siku majirani wa mtaa ule walipotuambia wageni tutoke. Watu wale walistahili kipimo kile. Kisha nikakibeba, nikawapimia baba yako, na yule mtu aliyecheka kwenye simu, na Mama Furaha, ambaye miaka yote hii amenisuka bila kunidai lolote isipokuwa masikio. Na wewe na mkoba wako. Na nilipokaa na Faan mezani sikuwa nampima Faan.

Usinielewe vibaya. Bado simwamini. Simwamini kwa sababu simjui, na nitamjua kupitia kwako, taratibu. Kuna mambo ambayo leseni hazionyeshi wala keki haionyeshi. Huko juu mtakuwa wachache, na ukungu ni ukungu. Ikitokea siku sufuria imekuwa yako kila jioni na bunduki yao kila asubuhi, utaona. Wengine wataliita jambo hilo mchezo, wengine wataliita historia. Usikae kubishana nao kuhusu jina. Shuka barabarani, panda gari la kwanza linalokuja mjini, urudi. Mimi sitakuuliza swali hata moja. Unajua hilo kwangu ni ahadi kubwa kiasi gani.

Lakini ikitokea kwamba ni watu wazuri, basi niahidi kitu kigumu zaidi: usiwalipishe yaliyofanywa na watu wengine kwangu. Anza nao kwa baruti chache. Usikilize bega lako.

Nilitaka kukupa kitu cha babu yako, na hicho ndicho pekee nilichonacho. Gobore lenyewe lilizeeka likachukuliwa na serikali, pembe ililiwa na wadudu. Kipimo kimebaki. Nimekipangusa kwa mafuta ya nazi. Ukikinusa kwa karibu, harufu ipo bado. Nimekiweka ndani ya soksi ya kijivu. Ndiyo, najua nilisema sitaandika habari za soksi.

Nasikia sauti ya Mama Furaha ngazini, anakusindikiza, kwa hiyo atakunywa chai hapa na kunicheka macho yangu mekundu. Niimalize haraka.

Kiweke kitandani kwako, kipulize kama filimbi ukinikumbuka, waonyeshe akina Faan waone kwamba kwenu pia mnajua. Ila usikitumie, mwanangu. Usikijaze hata siku moja. Kilikatwa kwa gobore la baba yangu, na bunduki zako huko siujui unene wa mtutu wa hata moja.

Kata cha kwako.

Mama yako,
Mwanaidi